Kivuli Si Masizi

Kuna chupa moja ndogo ambayo karibu kila mtu anayepaka rangi visanamu vya michezo ya vita amewahi kuifungua. Inaitwa Nuln Oil, inatoka kwa Games Workshop, kampuni ya Nottingham, Uingereza, na licha ya jina lake haina mafuta. Ni maji meusi tu. Unapaka kisanamu chako rangi bapa, unachovya brashi, unayamwaga yale maji juu ya kila kitu, unaenda kunywa chai. Ukirudi, mikunjo ya nguo imepata giza, vidole vimetengana, na kile kipande cha plastiki kimeanza kufanana na mtu. Wenye fani hutania kwamba kampuni imeweka kipaji kwenye chupa ikakiuza. Utani huo una ukweli mwingi. Ila kuna swali ambalo haujawahi kuuliza: hicho kipaji kilijifunzia kwenye uso wa nani?

Nauliza kwa sababu kwa miezi mitatu meza yangu ilijaa visanamu vya watu weusi, na karibu chupa zote nilizokuwa nazo zilipikwa kwa ajili ya ngozi nyingine. Haya basi ni mapitio ya wino na maji ya rangi. Yakikupeleka kwingine, twende tu.

Kwa ambao hawajawahi kukutana na haya mambo, ngoja nieleze, hata kama mtacheka. Visanamu ninavyozungumzia vina urefu wa milimita 28 hivi, kutoka unyayo mpaka machoni. Vingine ni vya plastiki, vingine vya bati, siku hizi vingi ni vya rezini vinavyotoka kwenye mashine ya kuchapa. Watu wazima wenye kazi na watoto hununua jeshi zima, hulipaka rangi kwa miezi, halafu hulipanga juu ya meza na kupigana kwa dadu na futi kamba. Ndiyo, watu wazima. Kama unaona ni mchezo wa kitoto, kumbuka kuna wanaume huko nje wanaopigana juu ya timu za Uingereza ambazo hazijui kama wao wako hai.

Sasa, kwa nini kivuli kipakwe? Si jua lipo? Lipo, lakini jua halipunguzwi vipimo. Mtu wa kweli ana mwili wa kutosha jua limfanyie kazi: pua inatupa kivuli chake juu ya mdomo, ukosi unatupa wake shingoni. Pua ya kisanamu ni ndogo kuliko punje ya mtama. Kivuli chake kipo, ila ni chembamba kiasi kwamba ukisimama mbele ya meza hukioni. Kwa hiyo mpakaji analazimika kukipaka mwenyewe. Anasema uongo mdogo ili jicho liamini. Na kila uongo unahitaji maamuzi: mwanga unatoka wapi, giza lianzie wapi, na hilo giza liwe na rangi gani. Hiyo chupa inakuondolea maamuzi yote matatu kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana inapendwa, na ndiyo maana inastahili kuhojiwa.

Wino na maji ya kivuli si kitu kimoja, ingawa hukaa rafu moja. Wino una rangi nyingi iliyosagwa laini sana ndani ya maji machache. Ni mkali, unang'aa ukikauka, na ukikosea kipimo unakula kila kitu. Maji ya kivuli ni rangi kidogo ndani ya maji mengi pamoja na ute wa akriliki unaoishikilia isitawanyike. Yakikauka mengi huwa hayang'ai. Vyote viwili vinafuata tabia moja ya maji: hayapendi kusimama juu, yanajivuta penye ufa. Mwaga chai ya rangi kwenye meza ya mbao iliyochakaa uone itakimbilia wapi. Ukiongeza tone dogo sana la sabuni ya vyombo, yanaingia hadi kwenye ufa ambao hukujua upo. Ukiongeza maji matupu kupita kiasi, yanakauka yakiacha duara lenye ukingo mweusi, kama alama ya kikombe. Ndiyo maana wanaojua hupunguza makali kwa ule ute wenyewe, si kwa maji ya bomba.

Huku Mghange kuna jambo lingine ambalo hakuna mwongozo uliolitaja: ukungu. Tuko juu, karibu na Vuria, kilele kirefu kuliko vyote vya Milima ya Taita, mita 2,208. Kuna asubuhi ambazo ukungu unaingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi. Kitu kinachokauka kwa nusu saa Voi, hapa kinachukua nusu ya siku. Kwa rangi za kawaida hiyo ni kero. Kwa maji ya kivuli ni zawadi, kwa sababu una muda wa kurudi na brashi yenye unyevu kufuta palipozidi. Nitarudi kwa hili la kufuta, maana ndilo kiini cha makala yote.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Naandika kwa yeyote anayelipa, na pale uandishi unapokauka, napaka visanamu vya watu. Mteja wa mwaka jana ni mkusanyaji wa ng'ambo, mzee mmoja mwenye heshima zake, aliyetaka visanamu 40 vya vita vya kwanza vya dunia katika Afrika Mashariki: askari wa King's African Rifles, askari wa jeshi la Kijerumani, na wapagazi. Alituma sanduku pamoja na mwongozo alioupiga chapa mwenyewe. Khaki ilikuwa na hatua saba. Bunduki ilikuwa na hatua nne, na alitaka ionekane tofauti kati ya chuma kipya na cha zamani, kwa sababu baadhi ya kampuni za askari wa Kijerumani zilianza vita zikiwa na bunduki za mwaka wa 1871, zile za baruti ya moshi. Mzee anajua vitu vyake, sikatai. Ngozi ilikuwa na mstari mmoja. Kahawia iliyoiva, halafu maji meusi. Nukta.

Hatua saba za shati, mstari mmoja wa uso.

Sasa elewa ninakaa wapi. Siku ambazo ukungu umeondoka, kutoka huku juu unaona tambarare yote upande wa magharibi mpaka Kilimanjaro. Hiyo tambarare ndiyo uwanja wenyewe wa vita alivyotaka mteja wangu. Agosti 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaichukua Taveta, wakakaa mpaka Machi 1916. Mwaka wa 1915 Waingereza wakasukuma reli kutoka Voi kuwafuata, ile inayopita Mwatate, Bura na Maktau. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi Wazungu wa Afrika Kusini walikishambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma na jeshi ambalo wengi wake walikuwa askari weusi. Na nyuma ya kila jeshi, pande zote mbili, walikuwepo wapagazi: maji, risasi, unga, kichwani. Upande wa Waingereza peke yake waliokufa wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Kikosi chao kilituachia majina mawili ya mitaa, Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Nyuso hatukuachiwa.

Nilifanya majaribio kwanza kwa visanamu vitatu vya wapagazi, nikifuata mwongozo neno kwa neno. Kahawia, maji meusi, subiri. Nyanya yangu aliingia kutafuta chaja akavikuta vimepangwa dirishani.

"Hawa ni akina nani?"

"Wapagazi, nyanya. Wa vita vya Wajerumani."

Akamchukua mmoja, akamgeuza kwenye mwanga. "Na mbona amepakwa masizi?"

"Si masizi. Ni kivuli."

"Kivuli cha mtu kiko chini yake, mjukuu wangu. Huyu umemtoa jikoni."

Halafu akakaa, akaniambia habari ambayo nilikuwa nimeisikia vipande vipande tu: kaka wa babu yake alichukuliwa kubeba mizigo wakati huo, akashuka na wenzake kuelekea Maktau, hakurudi. Jina lake lilirudi, lilipewa watoto wawili waliozaliwa baadaye. Sura yake haikurudi. Hakuna aliyempiga picha. Alipomaliza alikirudisha kile kisanamu dirishani taratibu, kikiwa kimeangalia nje.

Nyanya hajasoma mwongozo wowote wa rangi, lakini uhakiki wake ni sahihi kiufundi, na nitaeleza kwa nini.

Maji ya kivuli yanafanya kazi kwa tofauti. Ukipaka ngozi ya waridi iliyopauka, halafu ukashusha kahawia nyekundu kwenye mashimo yake, kuna safari ndefu kutoka palipo na mwanga mpaka palipo na giza. Jicho linasoma ile safari na kuita uso. Sasa anza na kahawia iliyoiva, halafu mwaga nyeusi. Safari ni fupi mno. Mashimo yanakuwa meusi, lakini tayari yalikuwa karibu na nyeusi. Wakati huohuo, yale maji hayaishii kwenye mashimo tu. Yanaacha utando mwembamba kila mahali, hata juu ya paji la uso na mashavu, pale ambapo palipaswa kushika mwanga. Matokeo ni kwamba giza halikuongezeka penye giza. Mwanga ndio umepungua penye mwanga. Ukimaliza, unanyunyiza vanishi isiyong'aa, kama mwongozo unavyodai, na unabaki na kitu cha rangi ya mkaa uliozimwa. Ndipo unapopaka macho meupe juu yake, na ghafla una katuni ya kikoloni: macho mawili yanayokodoa kutoka kwenye shimo. Hakuna aliyekusudia kumtukana mtu. Kilichotokea ni kwamba kanuni ya uso mmoja imetumiwa kwenye uso mwingine bila kuulizwa chochote.

Hili si jambo geni, na halikuanzia kwenye visanamu. Kampuni ya Crayola ilikuwa na kalamu ya rangi iliyoitwa "rangi ya ngozi" mpaka mwaka wa 1962 ilipoibadilisha jina kuwa rangi ya pichi. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, na filamu iliyopimwa hivyo iliwapendelea waliofanana naye. Kwa hiyo ninaposhika chupa ya Reikland Fleshshade, iliyoingia sokoni mwaka wa 2012 katika mpango uleule wa Nuln Oil, na jina lake linaniambia kwamba ni kivuli cha nyama ya mtu, nina haki ya kuuliza: nyama ya nani?

Tuwe waungwana lakini. Nilizijaribu zote, moja moja, na zote zina kazi.

Nuln Oil kwenye chuma haina mpinzani. Mtutu wa bunduki, sufuria ya mpagazi, kitako cha bomu: mwaga. Kwenye ngozi nyeusi, iache kwenye kabati.

Agrax Earthshade, mrithi wa chupa ya zamani iliyoitwa Devlan Mud ambayo wazee wa fani wanaililia mpaka leo, ni kahawia yenye uchafu mzuri. Kwenye khaki ni kama imezaliwa huko. Kwenye miguu mitupu ya askari wa King's African Rifles, ambao wengi walipigana bila viatu, inatoa vumbi linaloaminika. Lakini juu ya goti panatosha. Ukiipandisha usoni, mtu anaonekana ameanguka matopeni.

Reikland Fleshshade, pamoja na jina lake lote, si mbaya kwa ngozi ya maji ya kunde. Inaleta damu, inaleta joto. Kwa ngozi iliyoiva zaidi inapotea kabisa, kama sukari kwenye uji.

Zilizoniokoa ni mbili ambazo hakuna mwongozo uliozitaja karibu na neno ngozi: Druchii Violet, zambarau, na Drakenhof Nightshade, bluu ya usiku. Pamoja nazo wino wa akriliki wa FW wa Daler-Rowney, ule wa indigo, tone moja ndani ya ute. Usinicheke. Toka nje saa nne asubuhi siku ya jua, umwangalie mtu mweusi aliyesimama uwanjani. Mwangalie pembeni mwa paji, chini ya shavu, ubavuni mwa shingo. Pale ambapo jua halimpigi moja kwa moja, ngozi inachukua rangi ya anga. Ni bluu. Wakati mwingine inaelekea zambarau, hasa ikiwa ngozi yenyewe ina wekundu ndani yake. Kivuli cha mtu mweusi kina rangi kuliko kivuli cha karibu mtu yeyote mwingine, na sisi tumekubali kuuziwa kwamba ni cheusi.

Lakini kivuli ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba uso mweusi hausomwi kwa giza lake. Unasomwa kwa mng'ao. Mwanga unakaa juu ya paji, kwenye kiti cha pua, kwenye mfupa wa shavu, kwenye mdomo wa chini, na jicho linajenga uso mzima kutoka kwenye madoa hayo manne au matano. Hilo mafundi wetu walilijua zamani, bila chupa.

Angalia wachongaji wa Tabaka, Kisii. Lile jiwe lao laini likishachongwa na kusuguliwa kwa maji, wanalipaka rangi kali, nyeusi au nyekundu au bluu, kote. Halafu wanachukua ncha ya chuma na kukwangua. Palipokwanguliwa, weupe wa jiwe unatokea, na huo weupe ndio mchoro: jicho la twiga, bawa la ndege. Yaani wao wanaanza na giza, kisha wanatoa giza ili mwanga uje. Mwongozo wa Nottingham unaenda kinyume, unaanza na mwanga na kuongeza giza.

Au angalia wachongaji wa Kikamba. Mutisya Munge wa Wamunyu, anayetajwa kuwa baba wa uchongaji wa biashara Ukambani, alirudi na ufundi huo kutoka Tanganyika baada ya vita hivyohivyo ambavyo mteja wangu anavikusanya. Sanamu nyingi zinazouzwa pwani kama mpingo ni miti mingine iliyopakwa rangi nyeusi ya viatu na kusuguliwa kwa kitambaa. Kama biashara, huo ni ulaghai, na watalii wamelizwa sana. Kama somo la rangi, ni darasa tosha. Ile rangi ya viatu inafanya mambo mawili kwa mara moja: inazama kwenye mikwaruzo ikaleta kina, halafu kitambaa kinapandisha mng'ao juu ya palipoinuka. Uso mweusi unasomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Na kabla msomaji mmoja hajaniambia kwamba polishi ni ushamba: Wazungu wenyewe, kabla ya chupa hizi kuenea, walipika maji yao ya kivuli nyumbani kwa kuchanganya wino na polishi ya maji ya sakafu, iliyoitwa Future kule Marekani na Klear kule Uingereza. Fundi ni fundi. Anatumia kilicho jikoni.

Nilichofanya basi ni kuunganisha hizi shule mbili. Andakoti nyeusi. Juu yake kahawia yenye wekundu, ikiacha nyeusi kwenye mashimo ya macho na chini ya kidevu. Halafu maji ya zambarau au bluu, nusu maji ya kivuli na nusu ute. Kabla hayajakauka, na hapa ndipo ukungu wa Mghange unalipa kodi yake, narudi na brashi safi yenye unyevu na kufuta palipoinuka: paji, pua, shavu, mdomo, vifundo vya vidole. Nakwangua nuru, kama wa Tabaka, ila kwa brashi. Nikimaliza naongeza chembe ndogo za kahawia ya machungwa pale juu kabisa. Mwisho, vanishi isiyong'aa kwa nguo zote, na vanishi ya nusu mng'ao kwa ngozi peke yake. Mpagazi aliyebeba mzigo kutoka Voi hadi Maktau ana jasho. Ukimpaka mkavu, umemnyang'anya ile kazi.

Kuna mtego wa upande wa pili, na nimeuona kwa wapakaji wenye nia njema. Wakishaambiwa kwamba nyeusi inazima uso, wanakimbilia kuipausha ngozi. Kila askari anakuwa chai ya maziwa, kwa sababu ni rahisi kumpa kivuli. Huko si kuona, ni kubadilisha mtu ili alingane na chupa. Na mtego wa tatu ni kuwapaka wote kahawia moja. King's African Rifles iliandikisha watu kutoka Nyasaland, kutoka kwa Wasudani waliohamia kusini, kutoka kila pembe iliyofikiwa na ofisa mwenye daftari. Kikosi kimoja kilikuwa na ngozi kumi. Nilichanganya kahawia tatu tofauti kwa visanamu 40 na bado naona ni chache.

Atakayesema nimeikuza sana habari ya wanasesere, namwelekeza Kenyatta Avenue, Nairobi. Pale pana sanamu ya shaba nyeusi ya watu watatu, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson ya miaka ya 1920, kwa kumbukumbu ya vita hivihivi: askari, mpagazi na mpiga bunduki wa Kiarabu. Mimi nina malalamiko mengi kuhusu nani alilipia sanamu ile na ilitakiwa kusema nini. Lakini kama umbo, inafanya kitu ambacho mwongozo wa mteja wangu ulikataza: shaba inang'aa. Jua la mchana likipiga, mashavu yanawaka, na unamwona mpagazi ana uso wake mwenyewe, tofauti na wa askari. Moshi wa matatu umewapaka maji meusi kwa karibu miaka mia moja na bado mng'ao unapenya. Pita pale saa saba mchana, siyo jioni, uangalie.

Nilimtumia mteja picha za visanamu kumi vya kwanza. Alipenda khaki. Alipenda bunduki mno. Kuhusu ngozi aliandika kwamba ziko safi, ila "zinang'aa kuliko kawaida" na hazitalingana na jeshi lake lingine mezani. Aliomba nirudie kwa njia ya mwongozo. Ni ombi la haki. Ni meza yake, ni pesa yake, na hakuwa mkali. Nilikaa nalo siku mbili. Pesa hizo zilikuwa kodi na stima. Mwishowe nilimpa askari wote jinsi alivyotaka, maana hiyo ndiyo kazi ya kibarua, lakini nikamwambia wapagazi sita sitawarudia, na nikampunguzia bei yao kwenye hesabu pamoja na gharama ya kuvinunua upya. Alikubali. Wapagazi wako Mghange.

Sasa ushauri, kwa sababu najua kuna mmoja wenu aliyesoma mpaka hapa akiwa na kisanamu mfukoni. Kama una hela ya chupa mbili tu, usianze na nyeusi. Nunua Agrax kwa nguo na Drakenhof kwa ngozi. Nyeusi ya chuma unaweza kujitengenezea kwa rangi ya kawaida na maji. Wino wa kalamu za shule usiuguse, ukigusana na maji tena unayeyuka na kuhama, na wengi wake hupauka juani. Wino wa Kihindi wa wachoraji, ule wa masizi ya kaboni, ukikauka hauhami, ila uutumie kwa tone, si kwa kijiko. Nunua ute kabla ya kununua chupa ya tatu. Vanishi ziwe mbili. Na kioo kidogo, kiweke mezani, karibu na dirisha. Kabla ya kuamua kivuli kina rangi gani, jiangalie.

Wale sita bado wako dirishani, na mizigo yao kichwani. Juzi nyanya alipita akawahesabu, akasogeza mmoja asianguke. Hakusema lolote kuhusu masizi. Aliuliza tu kama yule wa tatu, mwenye shavu lililoinuka, nilimwangalia nani nilipokuwa nampaka, maana anafanana na watu wa kwao.